Kukarabati Nyumba Iliyoharibiwa na Maji: Fidia ya Bima, Unyevu wa Kuta na Afya ya Kaya

Mtoto wa miaka saba aliletwa kliniki mwezi Machi akiwa na mbano wa kifua na kikohozi cha usiku ambacho hakikuwa kimemsumbua kwa karibu miaka miwili. Pumu yake ilikwishajulikana, na dawa zake za kuvuta alikuwa akizitumia ipasavyo. Tuliuliza maswali ya kawaida: moshi wa jikoni, sigara, wanyama wa kufugwa, mafua ya shuleni. Mama alijibu kwamba nyumbani hakuna kilichobadilika, isipokuwa chumba cha watoto kilikuwa kimepakwa rangi mpya na kuwekewa kabati jipya la ukutani. Tulipouliza kilichosababisha chumba kupakwa rangi, ndipo habari yenyewe ilipotoka.

Mwishoni mwa Desemba familia ilikuwa imesafiri mkoani kwa sikukuu. Bomba la tangi lililo juu ya dari likapasuka, na maji yakatiririka kwa siku zisizojulikana idadi. Nyumba ilikuwa na bima, kwa kuwa benki iliyotoa mkopo wa ujenzi ndiyo iliyoishurutisha familia kuikata. Mkadiriaji wa hasara alifika, akapiga picha, akaandika dari, godoro, kapeti na rangi. Fidia ikalipwa mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari dari lilikuwa jipya, ukuta umepigwa lipu juujuu na kupakwa rangi ya mafuta, na kabati limesimamishwa kwenye ukuta uleule uliolowa. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, na kazi ilionekana nzuri. Lakini ndani ya ukuta maji yalikuwa bado yamo.

Tumeeleza kisa hiki, kwa kuificha familia husika, kwa sababu kinafanana na vingine tunavyokutana navyo hasa baada ya mvua za masika. Bima hufidia uharibifu unaoonekana siku ya ukaguzi. Mapafu huathiriwa na kile kinachobaki baada ya ukaguzi. Makala haya yanaeleza namna ya kuoanisha mambo hayo mawili: jinsi ya kudai, jinsi ya kukarabati, na kwa nini mpangilio wa kazi una uzito kuliko kasi yake.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Tofali la saruji si jiwe tupu. Lina vinyweleo vingi vinavyofyonza maji kama kitambaa, na lipu iliyo juu yake hufanya vivyo hivyo. Uso wa ukuta huweza kuonekana mkavu baada ya siku chache za upepo na jua, ilhali sehemu ya kati imelowa chepechepe. Maji hayo hayana njia ya kutoka isipokuwa kusafiri polepole hadi usoni na kugeuka mvuke.

Ipo kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi wa nchi nyingi: ukuta wa tofali hukauka kwa takriban milimita 25 kwa mwezi. Ni makadirio tu. Upepo, joto na unyevu wa hewa huyabadilisha. Hata hivyo, tukiyatumia kwa ukuta wa tofali la inchi sita lenye lipu pande zote mbili, yaani unene wa karibu milimita 180, tunapata miezi mitatu na nusu iwapo ukuta unapumua pande zote mbili. Ukuta wa yule mtoto ulikuwa na vigae vya bafuni upande wa pili. Maji yalikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo ukafungwa kwa rangi ya mafuta baada ya wiki sita.

Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi hufanya kazi ya mfuniko. Baada ya muda huvimba malengelenge, chumvi nyeupe huchomoza kama unga, na lipu hubanduka. Hilo ni tatizo la fundi. Tatizo la daktari hutokea nyuma ya kabati, chini ya kapeti na juu ya dari, mahali ambapo hewa haipiti.

Kuvu haisubiri. Vijimbegu vyake vimo hewani kila mahali na wakati wote. Kinachokosekana ni maji. Karatasi ya uso wa dari la jipsamu, mbao zilizobanwa kwa gundi, kitambaa cha godoro na vumbi la kawaida ni chakula chake. Vitu hivyo vikilowa, kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, ambao ulihitimisha kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za mfumo wa hewa, maambukizi ya njia ya hewa, na kuzidi kwa pumu. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Ulisisitiza jambo jepesi kulitamka na gumu kulitenda: kuzuia unyevu, na pale ulipokwishaingia, kuuondoa.

Hapa inafaa kusahihisha imani moja iliyoenea. Watu wengi hunyunyizia ukuta wenye kuvu dawa ya klorini, maarufu kama jiki, wakaona weusi umefifia, wakaamini kazi imekwisha. Klorini hubadilisha rangi ya kuvu usoni lakini haipenyi vizuri ndani ya lipu. Zaidi ya hayo, kuvu iliyokufa bado huweza kuamsha mzio, kwa hiyo haitoshi kuiua, sharti iondolewe. Kwenye vigae, vioo na chuma, isuguliwe kwa maji na sabuni kisha pakaushwe. Kwenye jipsamu, kapeti na godoro, dawa ya kweli ni kuvitoa nje na kutovirudisha.

Maji hayalingani

Maji ya bomba la tangi ni masafi yanapopasuka. Yakikaa siku kadhaa kwenye kapeti si masafi tena. Maji ya mafuriko ni jambo jingine kabisa. Katika miji yetu, ambako kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo au makaro, mto ukifurika hauingii ndani peke yake. Huingia na vilivyomo chooni kwako na kwa jirani. Wakazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa hili.

Hatari zake ni kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara, pepopunda kwa mwenye jeraha, na homa ya mgunda inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Homa ya mgunda ilifahamika kwa wengi mwaka 2022, ilipozuka mkoani Lindi. Dalili zake kwa kawaida hujitokeza siku 5 hadi 14 baada ya kugusa maji machafu, na pengine hata baada ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu aliyesomba matope nyumbani kwake kisha akapata homa kali, maumivu ya misuli hasa ya ndama za miguu, na macho mekundu, amweleze mhudumu wa afya kwamba alikuwa ndani ya maji. Sentensi hiyo moja hubadilisha uchunguzi mzima. Bila hiyo, kila homa hudhaniwa malaria.

Nyumba iliyoingiwa na maji ya namna hii isafishwe kwa hatua mbili, na si moja. Kwanza tope lote litolewe na sakafu ioshwe kwa sabuni, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijagusa vimelea. Kisha sehemu ngumu zipakwe mchanganyiko wa kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, uachwe kwa dakika 10, madirisha yakiwa wazi. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya tindikali ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Gesi inayotokea huunguza mapafu. Tangi la ardhini lililoingiwa na mafuriko limwagwe lote, lisuguliwe na kutiwa dawa kabla ya kujazwa tena. Kosa la kuosha nyumba kwa maji ya tangi lililochafuka ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Dai la bima kama sehemu ya tiba

Huenda msomaji akajiuliza daktari anatafuta nini kwenye mkataba wa bima. Jibu ni kwamba uamuzi wa kuukausha au kutoukausha ukuta hufanyika, kwa kiasi kikubwa, pale dai linapoandikwa.

Jambo la kwanza ni chanzo. Mikataba mingi hufidia tukio la ghafla, kama bomba kupasuka, na hukataa uvujaji wa polepole wa miezi mingi, ambao huhesabiwa kuwa uzembe wa matunzo. Mafuriko nayo mara nyingi hufidiwa pale tu yanapotajwa waziwazi kama nyongeza ya bima ya moto. Kwa hiyo kipande cha bomba lililopasuka kisitupwe, ni ushahidi.

La pili ni hofu inayowafanya watu waiache nyumba ilivyo, ikiwa imelowa, kwa siku tano au kumi wakimsubiri mkadiriaji. Hofu hiyo haina msingi, na inaumiza mara mbili. Mwenye bima ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kuzuia hasara isiongezeke, na kampuni huweza kupunguza fidia kwa uharibifu uliotokana na kukaa tu. Utaratibu salama ni huu: funga koki kuu, iwapo maji yamefika kwenye soketi au waya, usikanyage maji kuifikia swichi kuu bali mwite fundi umeme au shirika la umeme, piga picha na video za kila chumba, zikionyesha alama ya kimo cha maji ukutani, toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo kwa maandishi, kisha anza kutoa maji, kapeti na magodoro. Vitu vilivyotolewa vihifadhiwe uani mpaka mkadiriaji avione, ama vikatwe sampuli na kupigwa picha kama vinanuka na haviwezi kusubiri.

Mkadiriaji anapofika, msimamie na kumwonyesha yale ambayo macho yake hayatafikia. Fungueni sehemu ya dari. Ondoeni mbao za chini ya kabati la jikoni. Mwombe aandike gharama za kukausha, kusafisha na kuondoa lipu iliyolowa kama vipengele vinavyojitegemea, na si kuzifumbata ndani ya neno “rangi”. Mchanganuo wa fundi unaosema “kupaka rangi vyumba vitatu” utalipwa rangi ya vyumba vitatu. Baadhi ya mikataba hulipia pia makazi ya muda nyumba ikiwa haikaliki. Kipengele hiki husomwa na wachache, ingawa kwa kaya yenye mtoto mwenye pumu huenda ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Fidia inaweza kuja pungufu kuliko ilivyotarajiwa, na si lazima iwe hila. Ikiwa kuijenga upya nyumba kungegharimu shilingi milioni 150 lakini imekatiwa bima ya milioni 90, kanuni ya uwiano hutumika: hasara ya milioni 20 italipwa milioni 12, kisha kutolewa kile kiasi cha awali ambacho mwenye bima hukibeba mwenyewe. Wenye nyumba waliokata bima miaka mingi iliyopita na kuilipia ada bila kuipandisha thamani hukutana na hesabu hii siku mbaya.

Kisha ipo karatasi ya mwisho. Kabla ya kulipa, kampuni humtaka mdai atie saini hati inayokiri kwamba malipo hayo yanamaliza dai lote. Hapa ndipo familia ya kisa chetu ilipokwama. Unyevu uliofichika hujitokeza baada ya wiki au miezi. Saini hutiwa kwa siku moja. Ni haki ya mdai kuomba ukaguzi wa pili kabla ya saini, au kuomba kwa maandishi malipo ya sehemu huku kuta zikisubiriwa. Kampuni si lazima ikubali, lakini ombi lililoandikwa lina nguvu kuliko lalamiko la baadaye. Mzozo usiposuluhishwa ndani ya kampuni, nchini Tanzania upo mlango wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na ule wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, vyote vikitokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Ukarabati wenyewe

Fidia ikishaingia benki, haraka huanza. Fundi anataka kumaliza, mama mwenye nyumba anataka sebule yake, na mgeni wa Pasaka yuko njiani. Ni vema kukubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba kazi ina awamu mbili zenye malipo tofauti: kufungua na kusafisha sasa, kufunga na kupaka rangi baada ya ukuta kuthibitika kuwa mkavu. Fundi aliyelipwa yote mwanzoni hana sababu ya kusubiri.

Kufungua maana yake ni kubandua lipu iliyooza au inayolia mvungu ikigongwa, kuondoa rangi ya mafuta, na kuacha tofali wazi. Hewa ipite: madirisha pande zote mbili, pangaboi au feni ikielekezwa ukutani. Usiku wenye unyevu mwingi wa pwani madirisha wazi husaidia kidogo tu, na msimu wa kusi, kuanzia Juni, hukausha vizuri kuliko miezi ya masika. Iwapo maji yameingia Aprili, si uvivu kuuacha ukuta wazi mpaka Agosti.

Kamwe jiko la mkaa lisitumike kukaushia chumba. Tunasisitiza kwa sababu desturi hii ipo, hasa maeneo ya baridi. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Jenereta nalo likae nje, mbali na madirisha.

Anayekwangua kuvu avae barakoa ya aina ya N95, glavu na miwani ya kazi. Barakoa ya kitambaa haizuii vijimbegu. Wenye pumu, wenye kinga dhaifu ya mwili, na waliobakiwa na makovu ya mapafu baada ya kifua kikuu wasifanye kazi hii wala wasikae ndani inapofanyika. Kundi hili la mwisho husahaulika. Kuvu ya jamii ya Aspergillus huweza kuota ndani ya mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu, na mgonjwa akakohoa damu ilhali makohozi yake hayana vimelea vya kifua kikuu. Kwa nyumba kongwe zenye mabati ya asbesto, vipande vilivyovunjika visikatwe wala kusagwa vikiwa vikavu. Vilowanishwe na kuondolewa na watu wenye ujuzi.

Ukuta umekauka lini? Wataalamu wana vipimo vya umeme, lakini ipo njia rahisi. Kata karatasi ya nailoni ang’avu yenye upande wa nusu mita, uibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipo mwanya, uiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umekoza rangi chini ya karatasi, bado. Matone yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba. Rudia sehemu za chini, kwenye kona, na nyuma ya mahali kabati litakaposimama. Hapo ndipo lipu mpya ipigwe, nayo ipewe muda wake wa kukauka, kisha ipakwe rangi ya maji inayoruhusu mvuke kupita. Kabati lisimame sentimita chache mbali na ukuta.

Kwa yule mtoto, ushauri wa kwanza haukuwa dawa mpya. Tulimwomba mama amhamishie chumba cha bibi yake, upande wa pili wa nyumba, na kumwita fundi aliondoe kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Kikohozi cha usiku kilipungua ndani ya wiki chache, ingawa dawa za kinga anaendelea nazo. Kampuni ya bima ilikataa kulifungua tena dai, kwa kuwa hati ilikwisha kutiwa saini, na gharama ya kubandua lipu ikaangukia familia. Ukuta ulikaa wazi Juni, Julai na Agosti. Mwanzoni mwa Septemba karatasi ya nailoni ilibanduliwa ikiwa kavu kwa mara ya kwanza, na fundi akaanza kupiga lipu.